Mabaharia wa Nchi Kavu: Afya ya Madereva wa Utalii wa Karatu na Ngorongoro

Mwaka 1962 inzi waumao waliongezeka kupita kiasi ndani ya Kreta ya Ngorongoro. Waliwashambulia simba hata wakashindwa kuwinda, na simba hao wakapungua kutoka makumi kadhaa hadi kufikia takriban 10. Mhifadhi wa wakati ule, Henry Fosbrooke, aliliandika tukio hilo. Watafiti waliomfuata wameendelea kuufuatilia uzao wa masalia hao kizazi baada ya kizazi, wakimtambua kila simba kwa madoa yaliyo kwenye mizizi ya sharubu zake. Elimu ya namna hii haikupatikana kwa bahati. Palikuwa na watu waliolipwa ili wahesabu, palikuwa na madaftari yaliyotunzwa, na palikuwa na imani kwamba uhai wa simba wa Ngorongoro ni jambo lenye thamani kwa taifa na kwa ulimwengu.

Sina ugomvi na elimu hiyo. Naitaja ili niulize swali moja. Katika bonde hilo hilo huteremka kila siku mamia ya watu walioshika usukani, wakiwapeleka wageni kuwaona hao simba. Ni wangapi kati yao wanaumwa mgongo? Ni wangapi wana shinikizo la damu wasilolijua? Ni wangapi walioacha kazi kabla ya kutimiza miaka 50 kwa sababu mwili ulikataa? Kwa maswali hayo hakuna daftari linaloweza kufunguliwa kama linavyofunguliwa la simba. Mnyama tumemhesabu, aliyetupeleka kumwona hatujamhesabu.

Hoja yangu katika makala haya ni kwamba afya ya madereva wa utalii ni suala la kazi na la haki, na kwamba mahali pazuri pa kujifunza namna ya kulichunguza ni katika utafiti uliokwisha kufanywa juu ya afya ya mabaharia. Najua Karatu haina bahari. Lakini anayeijua kazi ya dereva wa utalii ataona upesi kwa nini namwita baharia wa nchi kavu.

Kazi yenyewe ilivyo

Wasomaji wengi wa ukurasa huu wamewahi kuyaona magari marefu yenye paa la kuinuka yakipita mjini Karatu kuelekea lango la Loduare. Wachache wamejiuliza siku ya aliye nyuma ya usukani huanza na kuisha saa ngapi. Kwa miaka kadhaa nimekuwa nikizungumza na madereva hao, baadhi yao wakiwa wanafunzi wangu wa zamani, na maelezo yao yanafanana mno kuwa ya mtu mmoja mmoja.

Dereva huamka kabla ya alfajiri. Gari lazima liwe safi, mafuta yawe yamejazwa, maji ya wageni yawe kwenye baridi, na vyakula vya mchana vilivyofungwa kwenye maboksi viwe vimehesabiwa. Akifika langoni hushughulikia vibali, kisha hupanda kupitia msitu wenye ukungu hadi ukingoni, mahali palipo zaidi ya mita 2,200 juu ya usawa wa bahari, ndipo ateremke kwa njia ya Seneto hadi chini penye joto na vumbi. Humo ndani haruhusiwi kushuka garini popote apendapo. Kuna sehemu maalumu tu, kama vile Ngoitokitok, zenye choo na mahali pa kula. Kwa hiyo madereva wengi wamejifunza kunywa maji kidogo ili wasisumbuke. Mmoja aliniambia kwamba kwa miaka 15 hakuwahi kumaliza chupa moja ya maji kabla ya saa saba mchana. Alilisema jambo hilo kama ujuzi wa kazi, na kwa kweli ndivyo lilivyo.

Siku inayofuata huenda ni safari ya Serengeti kupitia njia ya Olduvai, barabara ya changarawe iliyojikunja kama ubao wa kufulia. Mtetemo huo humwingia dereva kwa kupitia kiti, uti wa mgongo na shingo, saa baada ya saa. Jioni mgeni akiingia bafuni, dereva huanza zamu ya pili: kuosha gari, kukagua springi na boliti, kuziba pancha, kuwasiliana na ofisi Arusha, kupanga ratiba ya kesho. Baada ya hapo hulala katika vyumba vya madereva, ambavyo ubora wake hutegemea huruma ya mwenye hoteli, au katika gesti za Karatu kwa posho aliyopewa. Na kila shilingi anayoibana katika posho hiyo ndiyo atakayotuma nyumbani.

Safari moja huchukua siku saba, kumi, pengine kumi na mbili. Ikiisha, msimu ukiwa umeshamiri, huanza nyingine kesho yake. Kuanzia Juni hadi Oktoba, na tena nyumbu wanapozaa Ndutu mwanzoni mwa mwaka, wapo wanaokaa wiki nyingi bila kulala kwao. Mtoto hukua kwa njia ya simu. Msiba wa jirani huhudhuriwa kwa kutuma rambirambi. Na msimu ukiisha, kazi nayo huisha. Wengi huajiriwa kwa safari, hawaajiriwi kwa mwaka.

Hayo ndiyo maisha ya baharia. Mahali pa kazi ndipo mahali pa kulala. Mwajiri yuko mbali, lakini mgeni unayemtumikia yuko karibu nawe muda wote, na uso wako ni sehemu ya bidhaa aliyoinunua. Mkataba ni wa safari. Hospitali iko mbali na pale ugonjwa unapokukutia.

Mabaharia walivyopata haki ya kuugua

Baharia hakupata ulinzi wa afya kwa kuhurumiwa. Mwaka 1747 daktari James Lind, akiwa katika meli ya kivita ya Uingereza iitwayo Salisbury, aliwagawa mabaharia 12 wenye kiseyeye katika makundi ya wawili wawili na kuwapa tiba mbalimbali. Waliokula machungwa na malimau walipona upesi. Jaribio hilo huhesabiwa kuwa miongoni mwa majaribio ya kwanza ya kitabibu yaliyopangwa kwa kulinganisha. Hata hivyo, ilichukua hadi mwaka 1795 kwa jeshi la majini la Uingereza kuamuru maji ya limau yatolewe kwa mabaharia wake. Miaka 48 ilipita kati ya ushahidi na amri, na katika miaka hiyo watu waliendelea kufa kwa ugonjwa ambao dawa yake ilikuwa ikiuzwa sokoni. Funzo la kwanza, basi, ni kwamba utafiti ni wa lazima, lakini peke yake hautoshi.

Funzo la pili linatuhusu zaidi. Kwa muda mrefu dola zilipomtazama baharia ziliona mbeba maradhi. Mkataba wa kimataifa uliofanyika Brussels mwaka 1924 ulimhakikishia baharia matibabu ya bure bandarini, lakini kwa magonjwa ya zinaa. Hofu ilikuwa juu ya kile ambacho baharia angekileta mjini. Kile ambacho meli ilimfanyia yeye hakikuwa na mkataba wake. Sisi Afrika Mashariki tumeurudia mtazamo huo kwa madereva wa malori. Tangu miaka ya 1980 wamechunguzwa mno kuhusu UKIMWI katika barabara zetu kuu, na utafiti huo uliokoa maisha. Lakini mgongo wa dereva, usingizi wake, figo zake na ndoa yake havikupata hata sehemu ndogo ya umakini huo. Alichunguzwa kama hatari kwa wengine. Ni nadra kuchunguzwa kama mtu aliye hatarini.

Mabadiliko makubwa yalikuja pale vyama vya mabaharia, serikali na wenye meli walipokubaliana chini ya Shirika la Kazi Duniani juu ya Mkataba wa Kazi za Baharini wa mwaka 2006, ulioanza kutumika mwaka 2013. Kenya iliuridhia mwaka 2014 na Tanzania mwaka 2019. Mkataba huo unamtaka kila baharia awe na cheti cha afya kisichozidi miaka miwili. Unaweka kikomo cha kazi kuwa saa 14 kwa siku na 72 kwa wiki, au unahakikisha pumziko lisilopungua saa 10 kwa siku na 77 kwa wiki. Saa hizo lazima ziandikwe, na baharia apewe nakala. Matibabu awapo kazini hayamgharimu. Malazi na chakula vina viwango.

Sisemi kwamba mabaharia sasa wanaishi raha mustarehe. Mwaka 2020, mipaka ilipofungwa kwa sababu ya UVIKO-19, takriban mabaharia 400,000 walikwama melini baada ya mikataba yao kwisha, na mnamo Desemba mwaka huo Baraza Kuu la Umoja wa Mataifa likazihimiza nchi ziwatambue kuwa wafanyakazi muhimu. Mkataba ulivunjwa mara nyingi mno. Lakini ili ujue kwamba haki imevunjwa, sharti kwanza iwe imeandikwa, na pawe na mtu anayehesabu.

Mwaka huo huo wa 2020 watalii walioingia Tanzania walishuka kutoka 1,527,230 wa mwaka uliotangulia hadi 620,867. Baharia wa majini alikwama kazini. Baharia wa nchi kavu alikwama nyumbani bila mshahara. Baadhi ya niliozungumza nao walirudi kwenye mbaazi na vitunguu, wengine waliuza vyombo vya ndani. Hakuna aliyehesabu madereva hao. Kisha wageni wakarudi: 1,808,205 mwaka 2023 na 2,141,895 mwaka 2024. Takwimu hizi husomwa bungeni kwa fahari, na zinastahili fahari. Ila zinapanda huku mikono inayozibeba ikiwa ile ile, au imeongezeka bila mtu kujua inachokaje.

Yale ambayo sayansi imekwisha kutuambia

Huenda mtu akasema kwamba haya ni malalamiko ya kawaida ya kila mwenye kazi. Ni kweli kwamba malalamiko hayatoshi. Lakini hatuanzi gizani.

Mwaka 1953 Jerry Morris na wenzake walichapisha utafiti wao juu ya wafanyakazi wa mabasi ya ghorofa ya London. Waliwalinganisha madereva, waliokaa karibu zamu nzima, na makondakta, waliopanda na kushuka ngazi siku kutwa. Kampuni ilikuwa moja na mji ulikuwa mmoja. Lakini madereva waliugua zaidi maradhi ya moyo. Tangu hapo hakuna mtaalamu wa afya ya kazi anayedhani kwamba kukaa kwenye usukani ni mapumziko. Vilevile, uhusiano kati ya mtetemo wa mwili mzima na maumivu ya chini ya mgongo umechunguzwa sana kwa madereva wa matrekta, malori na mitambo ya migodini, hata kukawa na viwango vya kimataifa vya kuupima mtetemo huo kitini.

Kuna mfano wa karibu zaidi. Mwaka 2001 watalii kadhaa walioyatembelea maeneo ya Serengeti na Tarangire waligundulika kuwa na malale, ugonjwa uenezwao na mbung'o. Habari zao zilienea katika majarida ya tiba kwa sababu walirudi Ulaya, wakaingia hospitali zenye maabara, na madaktari wao wakaandikiana. Mgeni huyo alikaa garini siku chache. Aliyekaa kiti cha mbele alirudi na kundi jingine wiki iliyofuata, na jingine, katika pori lile lile na mbung'o wale wale. Mwili wa mgeni umekuwa kipimo cha hatari ya mahali tunapofanyia kazi sisi. Nadhani taifa huru linapaswa kuona haya kidogo kwa hilo.

Sheria zetu si mbaya. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inaweka saa 45 za kawaida kwa wiki, inazuia kufanya kazi zaidi ya saa 12 kwa siku, na kwa kawaida inadai pumziko la saa 12 kati ya siku moja ya kazi na nyingine. Ipo Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi ya mwaka 2003, na upo Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi. Tatizo liko katika mnyororo. Ili mtu alipwe fidia kwa ugonjwa utokanao na kazi, daktari lazima auunganishe ugonjwa huo na kazi. Ili daktari auunganishe, lazima awe na ushahidi kwamba kazi ya namna hiyo huleta ugonjwa wa namna hiyo. Ushahidi huo hutoka katika utafiti. Pasipo utafiti, dereva mwenye miaka 48 ataandikiwa kwamba ana maumivu ya mgongo, atapewa vidonge na kuambiwa umri umesogea. Kazi isiyochunguzwa huonekana haiumizi.

Na saa je? Saa za ofisini huhesabiwa kwa mlango. Saa za safari hazina mlango. Je, kuosha gari saa mbili usiku ni kazi? Je, kula chakula cha jioni na wageni, ukijibu maswali yao juu ya chui, ni mapumziko? Mabaharia walilazimika kulijibu swali hilo kwa kuandika kila saa kwenye karatasi. Sisi bado hatujaliuliza.

Mielekeo ya utafiti

Kwa wanafunzi wanaotafuta mada, na kwa taasisi zinazotoa fedha, napendekeza maswali matano.

La kwanza ni la hesabu yenyewe. Tunahitaji kundi la madereva lifuatiliwe kwa miaka, kwa uchache kumi, badala ya dodoso la siku moja. Sababu yake wameionyesha watafiti wa mabaharia: ukiwapima walio melini leo utakuta wana afya nzuri, kwa kuwa walioumia wamekwisha kuondoka. Vivyo hivyo, ukisimama Loduare ukawapima wanaopita utawapima wenye nguvu. Waliovunjika wako majumbani, Mto wa Mbu, Rhotia, Usa River, na hakuna anayewauliza. Utafiti usiowatafuta walioacha kazi utatupa faraja ya uongo.

La pili ni la mwili. Mtetemo upimwe kwenye kiti halisi cha gari halisi katika njia ya Olduvai, kiangazi na masika. Vumbi lipimwe pale dereva anapovuta pumzi. Figo na kibofu vichunguzwe kwa kuzingatia ile tabia ya kutokunywa maji. Sukari na shinikizo la damu vipimwe kwa watu ambao chakula chao cha mchana, siku nyingi za mwaka, ni kuku wa kukaangwa, keki na juisi ya boksi.

La tatu ni la usingizi. Tarehe 6 Mei 2017 basi la shule lilitumbukia korongoni huko Rhotia, Karatu. Wanafunzi 32, walimu 2 na dereva walipoteza maisha. Siitaji ajali hiyo kueleza chanzo chake. Naitaja kwa sababu inaonyesha namna tunavyoitazama barabara: hukusanyika siku ya maafa, tukalia, tukatawanyika. Uchovu hauonekani katika hesabu zetu mpaka umwage damu. Tujue madereva wa utalii hulala saa ngapi, wapi, na katika siku ya ngapi ya safari umakini wao huanza kushuka.

La nne ni la nafsi na familia. Katika utafiti wa mabaharia upweke, huzuni na kutengana na nyumbani vimekuwa mada kamili, na wana simu za msaada zinazopokewa saa 24. Dereva wetu hutakiwa kutabasamu siku kumi mfululizo, hata akiwa amepata habari za mtoto kulazwa. Tusilichunguze jambo hili kwa kunusa pombe na nyumba ndogo tu, tukarudia kosa la Brussels. Tuwaulize pia wake na waume waliobaki nyumbani, maana nao wanaibeba safari. Na tuwaulize wanawake wanaozidi kuingia katika kazi hii: choo, faragha na usalama wa vyumba vya madereva vina maana nyingine kabisa kwao.

La tano, ambalo kwangu ndilo mama wa mengine, ni la mkataba. Mtu anayelipwa kwa safari, na ambaye sehemu kubwa ya kipato chake ni bakshishi ya siku ya mwisho, anaweza kusema kwamba anaumwa? Akisema leo, kesho usukani utashikwa na mwingine, na bahasha itakwenda kwa mwingine. Nashuku kwamba ugonjwa mwingi unafichwa kwa sababu hiyo, na shuku inaweza kupimwa: walinganishwe wenye ajira ya mwaka mzima na wanaoitwa kwa safari. Tofauti ikionekana, tutakuwa tumepata jambo ambalo daktari hawezi kulitibu kwa kidonge, na ambalo waziri wa kazi hawezi kuliita suala la tabia.

Pingamizi mbili

Pingamizi la kwanza nalisikia kutoka kwa wanaharakati wenzangu. Kwa nini tuanze na madereva? Katika wilaya hiyo hiyo ya Karatu, huko Mang'ola, vibarua wa vitunguu hunyunyiza sumu mikono mitupu. Ndani ya Ngorongoro kwenyewe wafugaji wamekuwa katika mvutano mzito juu ya ardhi na huduma, na hospitali ya Endulen ni tegemeo la watu wengi. Dereva wa utalii, kwa kulinganisha, ana nafuu.

Ni pingamizi la haki, wala sipendekezi mashindano ya mateso. Jibu langu ni la vitendo. Baharia huweza kuhesabiwa kwa sababu kila meli hupita bandarini. Dereva wa utalii huweza kuhesabiwa kwa sababu kila gari hupita langoni, na langoni tayari huandikwa namba ya gari, idadi ya wageni na jina la dereva. Pale Loduare tuna bandari tusiyoitumia. Tukijifunza kuwahesabu wafanyakazi wanaohesabika kwa urahisi, tutakuwa na zana na watu wa kwenda Mang'ola, kwa wapagazi wa milimani, kwa wahudumu wa hoteli za ukingoni na kwa askari wa uhifadhi wanaolala porini.

Pingamizi la pili ni la wenye kampuni. Wanasema gharama zimepanda, kodi na tozo ni nyingi, ushindani wa bei ni mkali, na sharti lolote jipya litawaua wadogo. Sidharau hoja hiyo. Kampuni nyingi ni za Watanzania waliotoka kwenye usukani wenyewe. Lakini gharama tunayoizungumzia ipo tayari. Inalipwa sasa na mgongo wa dereva, na baadaye na familia yake. Swali la siasa ya uchumi ni nani ailipe: aliyenunua safari, aliyeiuza, au aliyeiendesha. Sharti likiwa moja kwa wote, anayemjali mtu wake hataadhibiwa na soko kwa kumjali.

Tuanze wapi

Kwa watumishi wa umma: hakuna haja ya kusubiri sheria mpya. Mamlaka ya Hifadhi ya Ngorongoro, Wakala wa Usalama na Afya Mahali pa Kazi, Halmashauri ya Wilaya ya Karatu na hospitali zilizopo Karatu zinaweza kukubaliana juu ya kituo kidogo cha kupima afya, kwa hiari na kwa siri, ambacho dereva atakipita akielekea au akitoka langoni. Siri iwe ya kweli. Matokeo yakimfikia mwajiri, hakuna dereva atakayepita tena. Leseni za hoteli zidai viwango vya vyumba vya madereva: kitanda, maji ya moto, chandarua, choo kisafi. Na fomu ya safari iwe na safu mbili zaidi: saa ya kuanza kazi na saa ya kumaliza.

Kwa wanafunzi: acheni kwa muda mada zilizokwisha kuchoshwa, nendeni Karatu mkakae na watu hawa msimu mzima. Matokeo yenu yaandikwe pia kwa Kiswahili na yasomwe mbele ya madereva wenyewe kabla hayajasomwa ukumbini. Aliyetoa damu yake kwa kipimo ana haki ya kuelewa kipimo kilisema nini.

Kwa wanaharakati na vyama vya waongoza watalii: mabaharia hawakupewa saa 10 za pumziko, walizidai, wakiwa na takwimu mkononi. Takwimu zisizo na chama hubaki kabatini, na Lind ni shahidi. Chama kisicho na takwimu nacho huambiwa kinalalamika.

Mwaka 1994 ugonjwa wa mbwa ulipoua takriban theluthi ya simba wa Serengeti, utafiti ulionyesha chanzo, na mbwa wa vijiji vinavyoizunguka hifadhi wakaanza kuchanjwa. Ilionekana, kisha ikahesabiwa, kisha ikatendwa. Uwezo huo tunao, katika ardhi hiyo hiyo, na baadhi ya waliokuwa wakiwapeleka watafiti hao porini walikuwa madereva. Naomba tu kwamba safari hii daftari lifunguliwe kwa ajili yao.